Kabla ya Kuuliza Mtoto Amefanya Nini, Uliza Amesikia Nini

Hotuba kwa wazazi, walimu na viongozi wa makanisa, Kisumu

Wachungaji wetu, Chifu, wazee wa mitaa, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mlioacha vibanda vyenu Kibuye na Jubilee ili mfike hapa, nawasalimu nyote.

Mmeona kwamba spika kubwa hazikuwashwa leo, nami nazungumza kwa sauti yangu tu. Nimeomba iwe hivyo kwa sababu baadhi yenu mmekuja na watoto, na ukumbi huu una paa la mabati na sakafu ya saruji, kwa hiyo kila sauti inagonga na kurudi. Nawaomba pia tusipige makofi. Mkipendezwa na neno, inueni mikono muitikise hewani kama wafanyavyo ndugu zetu viziwi. Mtoto aliyeketi pale dirishani akiweza kubaki nasi hadi mwisho, kwangu hilo ni kubwa kuliko makofi.

Mimi ni mwalimu wa kitengo maalum katika shule ya msingi ya hapa mjini, na wengi wa wanafunzi wangu wana usonji, yaani autism. Mzazi anapomleta mtoto kwetu mara ya kwanza, huanza kwa kutaja makosa. Anauma. Anarusha sahani. Anajigonga kichwa ukutani. Alimpiga mtoto wa jirani. Alichomoka kanisani akakimbilia barabarani. Namsikiliza mpaka amalize, kisha namuuliza: kabla hajafanya hivyo, palikuwa na sauti gani? Wengi hunyamaza kwa muda, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Ndilo swali lililonileta mbele yenu.

Si jambo lililogunduliwa juzi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na makala hayo ndiyo yaliyofanya usonji utambulike kama hali ya peke yake. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni hofu kuu waliyokuwa nayo baadhi yao kwa sauti na vitu vinavyosogea: mashine ya kufyonza vumbi, lifti, maji yanayotiririka, mashine ya kupigia mayai, hata upepo. Lakini aliona na jambo jingine, na hapa naomba tukae kidogo. Mtoto yule yule aliyetishwa na kelele aliweza kupiga kelele kubwa vile vile kwa mikono yake mwenyewe, na akafurahi.

Mara ngapi jirani amekwambia, mama, mtoto wako anajifanya? Jana alikuwa uani anagonga sufuria kwa mwiko, leo blenda ikiwashwa anaziba masikio na kulia. Jirani anaona uongo. Mimi naona kitu alichokiona Kanner. Sauti ya sufuria ni ya mtoto mwenyewe: anajua itaanza lini, itakuwa kubwa kiasi gani, na akichoka inakoma. Blenda inamvamia. Haina taarifa, haina mwisho anaoujua, na hana swichi ya kuizima. Ukilielewa hili, nusu ya kazi umeimaliza, na nitaonyesha tulivyolitumia shuleni.

Kwa miaka mingi wataalamu waliyaweka mambo ya sauti, mwanga na mguso pembeni, kana kwamba ni ya ziada. Ilipofika 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5 uliyaingiza miongoni mwa dalili zinazosaidia kuutambua usonji. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye usonji, karibu 40 wanasumbuliwa na sauti kwa wakati huu, na karibu 60 wamewahi kusumbuliwa katika maisha yao. Watafiti wa Los Angeles nao waliwaweka watoto kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwasikilizisha sauti zinazokera. Kwa watoto wenye usonji waliokuwa wepesi kuumizwa na hisi, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, iliitikia kwa nguvu zaidi. Halafu haikuzoea. Mimi na wewe tukisikia honi mara ya kumi ubongo wetu umeshaipuuza. Kwa mtoto huyu honi ya kumi ni hatari mpya.

Kwa hiyo anapolia, halii kwa kudeka. Na si kila mtoto anasumbuliwa kwa namna moja. Yupo ambaye sauti kubwa inamwuma kabisa, masikio yanauma. Yupo ambaye haiumi, ila anaogopa sauti fulani kiasi kwamba akiiona tu ile pikipiki imeegeshwa, haijawashwa, anatetemeka. Na yupo anayepandwa na hasira kwa sauti ndogo ndogo: ndugu yake anatafuna muwa, babu anakoroma, mtu anavuta makamasi. Muwa hauna kelele. Lakini mtoto huyo atamrukia ndugu yake, na nyumba nzima itashangaa amekosewa nini. Ukimpunguzia wa tatu sauti ya redio hujamsaidia chochote. Huyo mruhusu ale mezani pa peke yake, au awe na redio yake anayoipenda wakati wengine wanakula.

Sasa niwaambie kwa nini mzazi mara nyingi anakosa kuiona sauti. Ni kwa sababu sauti na tabia haziji pamoja. Mtoto huyu ni debe lililowekwa chini ya bomba linalovuja. Alfajiri tone, jirani anawasha pikipiki. Kondele tone jingine, matatu ina muziki na makanga anagonga bodi. Shuleni viti vinakwaruza sakafu, kengele, gwaride, watoto wa darasa la pili wanaimba. Chakula cha mchana, vijiko vinagonga sahani za bati. Saa tisa, kama mjuavyo Kisumu yetu, mawingu yanatanda upande wa milima ya Nandi na mvua inashuka juu ya mabati mpaka mwalimu anaacha kusema. Saa kumi na mbili jioni yuko nyumbani, kumetulia, dada yake anamwambia kwa upole, vua viatu. Anamwuma. Kila mtu anauliza, kuvua viatu kuna nini? Hakuna. Debe lilikuwa limejaa.

Na likifurika, msilichanganye na ukaidi wa mtoto anayetaka peremende. Anayetaka peremende anakutazama kama unamwona, na ukimpa ananyamaza. Aliyefurika hakutazami. Ukimpa peremende ataitupa. Hana tena mpango wowote, na hata yeye hajui litaisha lini.

Nawaomba kila mzazi anunue daftari, lile la bei ndogo kabisa. Kila tabia nzito inapotokea andika mambo matatu: kabla yake kulikuwa na nini, alifanya nini hasa, na baada yake ninyi mlifanya nini. Kwenye hilo la kwanza usiishie dakika moja nyuma. Andika saa, andika alilalaje usiku, alipita wapi, alikula, alisikia nini tangu asubuhi. Na usiandike “alikuwa mtundu”. Andika “alirusha kikombe, akaziba masikio, akaingia chini ya meza”. Baada ya wiki chache daftari litaanza kukuambia mambo ambayo macho hayakuyaona.

Nina mwanafunzi, msichana, jina lake nalihifadhi. Kila siku, muda mfupi kabla ya mapumziko ya asubuhi, alikuwa akipindua dawati na kumkwaruza aliye karibu. Ilikuwa rahisi kusema kwamba anataka kutoka nje akacheze, na dawa ya hilo ikawa kumzuia ndani mpaka atulie. Daftari likasema jingine. Siku ambazo mlinzi anayegonga kengele hakuwepo, na watoto wakatoka kwa kuambiwa tu, msichana alikuwa ametulia kabisa. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na inagongwa kwa nondo, hatua chache kutoka dirisha letu. Alikuwa anaingoja. Hakujua kusoma saa, lakini mwili wake ulijua kwamba wakati wowote sasa kile chuma kitalia, na kule kungoja ndiko kulikomshinda.

Tulianza na picha. Kwenye ubao wa ratiba ya siku tukachora kengele mahali pake, ili aone inakuja baada ya nini. Kisha nikawa namshika mkono tunakwenda pamoja mpaka mwembeni, mwanzoni kutazama tu, ringi ikiwa kimya, baadaye kuigonga yeye mwenyewe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Mlio mdogo, wake. Muda ulivyokwenda akaacha kitambaa, akaja akaishika nondo. Leo kengele ya mapumziko ya asubuhi ni kazi yake, na shule nzima inatoka darasani kwa mkono wake. Kengele nyingine za siku bado zinamsumbua, nami sitawadanganya kwamba zimeisha. Kwa hizo anavaa vifuniko vya masikio na anaambiwa mapema. Lakini dawati halijapinduliwa tena asubuhi.

Hapo hatukumzoesha kwa nguvu. Wapo watu wazima wanaoamini kwamba mtoto akishikiliwa karibu na spika mpaka achoke kulia atazoea. Hatazoea, atajifunza kwamba mtu anayempenda ndiye anayempeleka kwenye maumivu. Kuzoesha kunafaa pale tu mtoto ana mamlaka juu ya sauti. Rekodi kwenye simu ile sauti anayoiogopa, ipunguze mpaka isikike kwa mbali, mpe simu aishike yeye, na awe na ruhusa ya kuizima. Akiizima, imezimwa. Kesho tena.

Vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa watoto wetu vinafanya kazi nzuri. Chukua vinavyomtosha, mzoeshe kuvivaa nyumbani siku tulivu, na viwe mkobani sokoni, stendi na kanisani. Lakini visiwe kofia ya kushinda nayo mchana kutwa. Sikio lililozibwa kila saa hujirekebisha na kuzidi kuwa kali, na siku akivivua dunia itakuwa na kelele kuliko zamani.

Walimu, kwenye darasa lenye sakafu ya saruji kateni mpira wa tyubu kuukuu mfunge miguu ya viti na madawati. Itawagharimu mchana mmoja. Mikeka ya mafunjo inayosukwa na watu wetu wa ziwani, ikitundikwa ukutani na chini ya mabati, inapunguza mwangwi na makali ya mvua. Wekeni pembe moja yenye mkeka na pazia ambako mtoto anaweza kujiendea kabla hajafurika. Isiwe mahali pa adhabu hata siku moja, maana ikishakuwa jela hataingia tena kwa hiari.

Na anapofurika? Punguza maneno. Sauti yako nayo ni sauti. Ondoa watoto wengine, zima kinachoweza kuzimwa, ondoa vya kukata na vya kurusha, kaa kando yake si mbele yake, usimkazie macho. Usimshike isipokuwa anakimbilia barabarani au anajiumiza vibaya. Usimuulize kwa nini. Usimwambie atulie mara ishirini. Akimaliza atakuwa amechoka sana. Mpe maji, mwache alale. Mafunzo yoyote yangoje siku nyingine.

Fimbo nitaisemea kwa ukali, mniwie radhi. Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya adhabu ya kimwili kuwa kosa. Najua bado vipo. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwepo, fikirini kinachotokea: mtoto anaumizwa na sauti, analia, unamwongezea maumivu na kelele za kumkaripia, halafu unasubiri atulie. Anayenyamaza baada ya viboko amenyamazishwa na woga, na kesho hatakuonyesha tena dalili za mapema. Hataziba masikio. Ataruka moja kwa moja kwenye kuuma.

Kabla hamjalihusisha kila jambo na usonji, mpelekeni mtoto akapimwe. Mtoto asiyeweza kusema sikio linamwuma, ataonyesha kwa kujigonga. Usaha sikioni, jino lililooza, choo kigumu, kukosa usingizi, hivi vyote huongeza ukali, na vingi vinatibika. Nendeni Russia, namaanisha hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi, au kituo cha afya kilicho karibu, na mwombe masikio yaangaliwe na usikivu upimwe. Watoto wengi wanaoziba masikio hukutwa wanasikia vizuri tu; shida iko kwenye jinsi ubongo unavyopokea. Kwa tathmini ya shule, ulizeni vituo vya EARC, vile vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 1984. Kuuliza si ujinga. Daktari anaweza kuandika dawa kwa mtoto mwenye hasira kali mno, kama risperidoni, na ipo mahali pake, lakini dawa hiyo haizimi spika ya jirani.

Na wapo watakaokwambia ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa nyumbani kwenu, au kwamba mama alifanya hili na lile. Mama, si wewe. Sehemu kubwa ya chanzo cha usonji iko kwenye vinasaba, na hakuna malezi wala mwiko unaouleta. Wachungaji, mkimwombea mtoto huyu, mwombeeni kwa sauti ya chini. Nimeona watoto wakizungukwa na watu wazima wanaopaza sauti na kuwashika kichwa, na wanapopiga mateke inasemwa pepo amekasirika. Aliyekuwa anapiga mateke ni mtoto aliyezidiwa.

Hilo linanifikisha kwa majirani, na hapa nina neno na makanisa, na baa, na wauza kanda wa Manyatta na Nyalenda. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi yetu, za mwaka 2009 zinasema kwamba nje ya nyumba za makazi kelele isizidi desibeli 50 mchana, na kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi isizidi 35. Watu wawili wakiongea kawaida wanafika karibu 60. Na desibeli haziongezeki kama shilingi: kila 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi. Sasa pimeni wenyewe kesha lenye spika nne zilizoelekezwa kwenye nyumba za watu. Sisemi tusikeshe. Mimi ni mkristo na napenda kesha. Nasema spika zigeuzwe zitazame ndani, kwa waliokuja, na baada ya saa mbili tuimbe kwa midomo tuliyopewa. Na vijana wa bodaboda, mama wa mtoto kama huyu akikupungia kwa mbali mkono ulio chini, anakuomba usipige honi mbele ya mlango wake. Umpe hiyo zawadi.

Nimalizie na mazishi, kwa sababu ndiyo mnayoniuliza zaidi, na kwetu huku hayaepukiki. Watu wanasema mwache mtoto mjini. Siku moja moja ndiyo, lakini babu ni babu yake pia. Kinachomshinda si kifo. Ni nduru ghafla, tarumbeta, jenereta, spika, ng'ombe na ngoma za tero buru, ile desturi ya kukifukuza kifo, zikiingia bomani, na mamia ya watu wanaotaka kumshika mkono.

Fanyeni hivi. Wiki moja kabla, mwonyesheni kwenye simu picha za boma, hema na jeneza, na sauti kidogo za kuimba. Fikeni mapema, kabla spika hazijawashwa, ili kelele imkute pale na ipande polepole badala ya kumpokea langoni. Ongeeni na wenye boma mpate nyumba moja iliyo mbali na hema, na mteue mtu mmoja wa kukaa naye ambaye si mfiwa wa karibu, shangazi wa upande mwingine au binamu mkubwa, maana mama anayelia baba yake hawezi kumwangalia mtoto wakati huo huo. Mwambieni mzee wa ukoo mapema kwamba mtoto akiondoka katikati ya ibada si utovu wa heshima, na yeye ndiye awaambie wengine. Na ombeni jambo hili moja: alfajiri, kabla watu hawajajaa, mtoto apelekwe kumuaga babu yake, amtazame kwa muda anaotaka yeye, aonyeshwe na kaburi. Saa ya kuzika ikifika, hata kama yuko kule nyumba ya mbali na vifuniko vyake masikioni, atakuwa ameshaaga.

Asanteni. Tuna muda wa maswali. Mama aliye pale nyuma alishainua mkono zamani. Tuanze na yeye.